Mgeni wa Watu Watatu

Fundi alikuwa anachomelea milango na mageti. Mtaa mzima ulilala usingizi mzuri kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Nyumbani kwake mwenyewe, komeo la mlango wa mbele lilikuwa bovu tangu watoto hawajaanza shule. Kila siku alisema atalitengeneza kesho. Mkewe alishachoka kumkumbusha. Yeye alikuwa msusi, na mtu aliyesimama kutwa nzima akisuka vichwa vya watu hana nguvu ya kugombana jioni.

Pamoja nao na watoto wao wawili, aliishi Shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea Fundi. Wazazi wa Fundi walifariki angali mdogo. Shangazi, dada wa baba yake, alimchukua akamsomesha kwa cherehani. Alishona foronya, akashona mito, akaijaza pamba na kuiuza. Mpaka leo alikuwa anashona. Cherehani ilikaa chumbani kwake chini ya dirisha, na pembeni palikuwa na gunia la pamba. Kila asubuhi Fundi aliamshwa na mlio wa cherehani hiyo. Akiusikia tu, alijua Shangazi ameamka salama. Basi aligeuka upande wa pili akalala kidogo tena.

Mwaka uliopita Shangazi alipata kiharusi. Hakikuwa kikubwa. Mkono ulirudi, mdomo ulinyooka, naye akamshukuru Mungu. Ila kumbukumbu haikurudi yote. Mambo ya zamani aliyajua vizuri, mpaka rangi ya gauni alilovaa siku ya harusi yake. Mambo ya jana ndiyo yaliyomponyoka.

"Shangazi, sukari hiyo ni mara ya pili," Msusi alimwambia asubuhi moja wakinywa chai.

"Najua. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuonjea," Shangazi alijibu. Akainywa chai ile tamu ya kutisha bila kukunja uso.

Wote walicheka, na yeye pia. Ndivyo walivyoishi na ugonjwa ule. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikumchekesha mtu, nalo lilikuwa mkopo.

Kabla hajaugua, Shangazi alikopa pesa kwenye kampuni moja ndogo ya mikopo. Alinunua vitambaa na pamba, akashona, akauza. Alilipa marejesho yake bila kukosa. Lilikuwa limebaki rejesho moja tu la mwisho, kiharusi kikamkuta. Akachelewa. Kampuni ikampa mtu mmoja kazi ya kufuatilia deni hilo. Mtu huyo hakutaja jina lake kwa yeyote. Alivaa viatu vinavyong'aa na kubeba mkoba mweusi wa ngozi. Basi tumwite Bwana Mkoba, maana hilo ndilo jina alilopewa na kila aliyemwona.

Fundi alikutana naye mara ya kwanza karakanani. Alikuwa amefunika uso kwa ile ngao ya kuchomelea, cheche zinaruka. Alipoiondoa, akamwona mtu amesimama mbele yake akitazama vyuma kama anayetafuta cha kununua.

"Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa mito?" mtu yule aliuliza.

"Ni shangazi yangu. Kwani kuna nini?"

"Anadaiwa. Na hataki kulipa."

"Shangazi? Aah, hapo umekosea nyumba. Shangazi hajawahi kula cha mtu."

Bwana Mkoba alitabasamu. "Yeye anasema amelipa. Lakini wewe unaishi naye. Unajua kichwa chake kilivyo siku hizi. Si ndiyo?"

Fundi alikumbuka ile sukari.

"Sikiliza, kijana," Bwana Mkoba aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Naweza kuja na gari nikachukua cherehani. Naweza kumpeleka polisi, alale rumande. Umri ule, sakafu ya saruji, wewe mwenyewe fikiria. Mimi sitaki. Nakuonea huruma. Ila usimwambie kitu, wala usimwambie mtu mwingine. Akishtuka akapata kiharusi kingine, utakuwa umemuua wewe."

Maneno hayo yalimwingia Fundi mpaka kwenye mifupa. Alisema hana pesa taslimu wakati ule. Bwana Mkoba hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye geti lililoegemezwa ukutani, geti zuri lenye majani mawili ya chuma juu yake. Majani hayo Fundi aliyaweka kwenye kila geti lake. Yalikuwa ndiyo saini yake.

"Nitengenezee mimi moja kama hili," Bwana Mkoba alisema. "Tutahesabu kwamba ni rejesho. Mambo yameisha."

Fundi alinunua chuma kwa pesa ya mfukoni mwake. Alikata, akachomelea, akapiga tupa mpaka kingo zikawa laini. Alilipeleka geti nyumbani kwa Bwana Mkoba na kulifunga mwenyewe. Hakuomba risiti. Ataombaje risiti ya geti? Alirudi nyumbani akijiona amemwokoa mtu aliyemlea.

Jioni ile ile, wakila, Shangazi alimwambia, "Mwanangu, nilisahau kukuambia. Yule mtu wa mkopo, mimi nilishamlipa."

Fundi alijua nani amelipa. Mikono yake ilikuwa bado inawaka kwa geti lile. Akasema kwa upole, "Shangazi, umesahau tena. Hujamlipa. Ila usijali, mambo yatakuwa sawa."

"Sijamlipa?"

"Hujamlipa, Shangazi."

Shangazi alimtazama. Kisha aliweka kijiko mezani taratibu, akasema ameshiba.

Msimlaumu Fundi haraka. Alisema alichoamini. Lakini kuanzia siku ile kitu fulani kilivunjika ndani ya yule mama. Asubuhi cherehani haikulia tena. Fundi aliamka mwenyewe, akatega sikio, akasikia kimya. Alimkuta Shangazi ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Hushoni leo?"

"Ninaogopa," Shangazi alisema. "Naweza kukata kitambaa cha mtu vibaya nikasema nimekata vizuri. Kama pesa niliyoitoa kwa mkono wangu sikuitoa, basi kichwa changu ni cha kazi gani?"

Fundi alienda kazini akiyawaza maneno hayo njia nzima.

Na nyumba yenyewe ikawa ngumu kidogo. Msusi alisema wateja wamepungua, ingawa kila ukipita saluni kwake benchi limejaa. Fundi alisema bei ya chuma imepanda. Watoto waliomba viatu, wakaambiwa wasubiri. Kila mmoja alimficha mwenzake kitu, na kila mmoja alidhani anamficha kwa upendo.

Siku moja umeme ulikatika mtaa wa karakana. Bila umeme mchomeleaji hana kazi, kwa hiyo Fundi alirudi nyumbani mchana. Alimkuta mkewe, naye amerudi kuchukua vitana alivyosahau. Shangazi alikuwa sebuleni anachambua pamba, kazi ambayo hata akikosea haiharibu kitu cha mtu.

Hodi ikabishwa.

"Nafungua mimi!" Fundi alisema.

"Nafungua mimi!" Msusi alisema.

"Kaeni, ni mgeni wangu," Shangazi alisema, tayari amesimama.

Walifika mlangoni wote watatu kwa pamoja, wakasukumana kama watoto wanaogombea dirisha. Mlango ukafunguka. Nje alisimama Bwana Mkoba. Aliwaona watatu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Umemfuata nani?" Fundi alimuuliza.

"Amenifuata mimi," Msusi alidakia, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Wewe? Wewe unamjua huyu?"

"Kwani wewe unamjua?"

"Mimi namjua kuliko nyote," Shangazi alisema. "Ndiye anayenidai."

Bwana Mkoba aliona mambo yameharibika. Basi akaamua kuwa mkali. Alijifuta jasho, akapaza sauti ili majirani wasikie. "Mama huyu anadaiwa! Ana faini na gharama za ufuatiliaji. Leo sitoki hapa bila cherehani!" Akaingia ndani na viatu vyake, akaelekea chumbani kwa Shangazi.

Shangazi alimpita mbio. Hakuna aliyejua kwamba bado anaweza kukimbia. Akasimama mbele ya cherehani, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Nichukue mimi," alisema. "Cherehani hii imenisomeshea mtoto. Iache."

Wakati huo sauti ilisikika mlangoni. "Hodi humu! Mbona kelele mpaka kwangu?"

Alikuwa Mama Pacha, jirani wa nyumba ya pili. Aliitwa hivyo kwa ajili ya mapacha wake, watoto wawili waliompa kazi ya watoto sita. Alikuwa mfanyakazi wa kituo cha msaada wa kisheria, mahali ambapo watu wasio na pesa ya wakili husikilizwa bure. Alikuja kuuliza foronya alizoagiza. Alitazama chumba, akamtazama Shangazi, kisha akamtazama Bwana Mkoba kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka sura yake.

"Wewe ni nani, kaka?" alimuuliza.

"Mimi ni mtu wa mikopo."

"Sawa. Naomba kitambulisho cha kazi."

"Nimekisahau."

"Pole. Barua ya kampuni inayosema umetumwa kudai deni hili?"

"Iko ofisini."

"Na amri ya mahakama ya kuchukua mali ya mtu ndani ya nyumba yake?"

Bwana Mkoba alicheka kwa dharau. "Mahakama ya nini? Anadaiwa, nachukua."

"Hapana," Mama Pacha alisema. Hakupandisha sauti. "Kudai unaweza. Kuandika barua unaweza. Kuja mchana kwa adabu ukaketi kwenye kiti na kuongea, unaweza. Lakini kuingia chumbani kwa mtu na kubeba kitu chake bila amri, huko kunaitwa kwa jina jingine. Shangazi, ulipokopa, mliandika kwamba cherehani ni dhamana?"

"Hapana," Shangazi alijibu. "Walitaka, nikakataa. Hilo nalikumbuka vizuri."

"Basi kaka, tafadhali toka. Ukibaki tutaita polisi wote pamoja, wewe ukiwa wa kwanza kuwaeleza."

Bwana Mkoba aliangalia huku na huku. Akashika mkoba wake kwapani, akatoka. Alipofika nje alisema atarudi, lakini alilisema kwa haraka, miguu ikiwa imeshatangulia.

Shangazi bado alikuwa ameishika cherehani. Msusi alimsogelea, akambandua vidole taratibu, kimoja kimoja, akamketisha kitandani.

"Baba Watoto," alisema bila kumtazama mumewe. "Kuna jambo nimekuficha."

"Hata mimi," Fundi alisema.

"Mtu yule alikuja saluni. Aliniambia Shangazi anadaiwa, na kwamba wewe ukijua utapandwa na presha. Akasema nilipe kimya kimya. Nikamtumia kwa simu. Mara mbili. Mara ya pili alisema ni ya faini."

Fundi aliketi chini sakafuni. "Mimi nimemtengenezea geti."

"Geti?"

"Geti. Lenye majani mawili."

Kama si uchungu, wangecheka. Msusi alitaka kucheka, akaanza kulia badala yake. Shangazi aliwatazama wote wawili, akasema polepole, "Na mimi nina la kusema. Ila sina uhakika kama ni la kweli. Mimi nafikiri nilimlipa. Aliniambia mkijua nasahau mpaka madeni, mtaninyang'anya kazi na kunifungia ndani. Nikanyamaza. Halafu mwanangu akaniambia sijalipa. Basi labda sikulipa."

Mama Pacha aliketi karibu naye. "Bi Mkubwa, ulimlipa lini?"

"Siku siikumbuki. Nakumbuka kazi. Nilikuwa nimeuza mito miwili mikubwa, foronya za bluu zenye maua meupe. Pindo la moja nililirudia mara mbili."

Mama Pacha aliinuka ghafla. "Hiyo mito nimelalia mimi jana! Subirini kwanza. Subirini. Nilikuja kuichukua, nikakulipa nikiwa nimesimama hapa hapa. Mtu akabisha hodi. Ukatoka na noti zangu mkononi. Nilikuona mlangoni ukimhesabia, naye akazitia kwenye mkoba mweusi. Mimi nikadhani ni mtu wa bili ya maji! Nilikuwa najiuliza pale, sura hii nimeiona wapi."

Shangazi alimshika mkono. "Sema tena."

"Ulimlipa, mama. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Nililipa?"

"Ulilipa. Hukusahau."

Shangazi alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye hakuyafuta. "Nilijua," alisema. "Nilijua, jamani. Nikafundishwa kwamba sijui."

Fundi alihisi aibu iliyomchoma kuliko cheche yoyote ya karakana. Yeye ndiye aliyemfundisha. Mtu baki alimwambia uongo, naye akauchukua na kuuleta mezani, akamlisha mama yule aliyemlea. Alipiga magoti mbele yake. "Shangazi, nisamehe. Nilimwamini mtu nisiyemjua jina nikakuacha wewe."

"Inuka, suruali inachafuka," Shangazi alisema. Lakini alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu.

Mama Pacha alitengeneza chai, maana wenyeji hawakuwa na nguvu. Walipotulia, aliwaeleza.

"Deni la haki hulipwa. Hilo halina mjadala. Lakini tazameni mtu huyu alivyofanya kazi. Kila mmoja alimwambia anyamaze. Kwa nini? Kwa sababu siku mkiongea pamoja, biashara yake inakufa. Mtu yeyote anayekudai akisema usiwaambie watu wa nyumbani, hiyo pekee ni sababu ya kuwaambia."

"Alisema atamfunga," Fundi alisema.

"Hana uwezo huo. Kuchelewesha rejesho si wizi. Mdai akitaka kwenda mahakamani aende, na huko Shangazi atasikilizwa. Mtu wa mkoba hafungi mtu. Na wewe, ulisaini kumdhamini Shangazi?"

"Sikusaini kitu."

"Basi hilo halikuwa deni lako. Ungetaka kumsaidia ungemsaidia kwa hiari, ukalipe ofisini au kwenye namba ya kampuni, upewe risiti. Siyo kwa namba ya mtu binafsi." Alimtazama Msusi. "Na siyo kwa geti," akamalizia akimtazama Fundi.

Msusi aliuliza, "Sasa pesa ndiyo imepotea?"

"Sijui. Siwezi kuwaahidi. Ila meseji za simu zako unazo?"

"Sijafuta hata moja."

"Usizifute. Kesho twende kwenye kampuni. Wote."

"Shangazi abaki apumzike," Fundi alisema.

"Abaki kwa nini?" Mama Pacha aliuliza. "Mkopo ni wa nani?"

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Ngazi zilikuwa kali. Shangazi alizipanda kwa kupumzika, na hakuna aliyemharakisha. Meneja alikuwa mtu mwenye haraka. Alimtazama Shangazi, akamgeukia Fundi. "Huyu bibi yenu ana shida gani?"

Fundi alifungua mdomo kujibu, akakumbuka. "Muulize mwenyewe. Yupo."

Shangazi alijikohoza. "Mimi ndiye niliyekopa. Nina ugonjwa wa kusahau, ndiyo maana nimekuja na watu wangu. Mwanangu ataongea pamoja nami. Hataongea badala yangu. Nikikwama, nisubirini kidogo. Nitafika."

Meneja alipunguza haraka yake. Alifungua hesabu ya mkopo kwenye kompyuta, akaisoma. Kwenye kampuni rejesho la mwisho lilikuwa halijafika. Hata shilingi moja ya wale watatu haikuwa imefika.

Msusi alionyesha meseji zake. Pesa ilikwenda kwenye namba ya Bwana Mkoba. Mama Pacha alieleza alichokiona mlangoni. Meneja alikuna kidevu.

"Namba hii ni ya mtu wetu, sikatai," alisema. "Lakini hilo la geti, samahani, nani atalithibitisha?"

"Geti lenyewe," Fundi alijibu. "Si la kufichwa kwenye mkoba. Twende tukalione."

Wakaenda, na meneja akiwa nao. Geti lilikuwa limesimama pale, jeusi, na majani yake mawili juu. Fundi hakuwa amesema neno, mara mwanamke mmoja akatoka ndani akiwa na ndoo, uso ukamng'aa kwa furaha.

"Ee, Fundi! Umekuja kupaka rangi? Mume wangu alisema utarudi kumalizia. Alisema hukutaka hata pesa, kwamba kuna deni unamlipa!"

Meneja alimshukuru, akainamisha kichwa. Hakumwambia mama yule kitu, na Fundi alifurahi kwamba hakumwambia. Yeye hakuwa na kosa.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Kwanza kampuni ilisema itachunguza. Halafu ikawa kimya. Mama Pacha akamsaidia Shangazi kuandika malalamiko kwa ofisi ya serikali inayosimamia wakopeshaji. Yeye aliandika, Shangazi alisema, na kila sentensi ilisomwa kwa sauti kabla ya kuandikwa nyingine. Waliweka nakala nyumbani. Baada ya hapo kampuni iliamka. Bwana Mkoba aliondolewa kazini na kesi yake ikapelekwa polisi. Pesa ya Msusi ilirudishwa. Geti la Fundi lililipwa, ingawa alilazimika kufuatilia mpaka akachoka. Faini ilifutwa. Na rejesho la Shangazi, lile alilotoa kwa noti za mito ya bluu, likahesabiwa kwamba limelipwa. Alipewa barua yenye muhuri inayosema hadaiwi kitu.

Kabla hajasaini kuipokea, Shangazi alisema, "Nisomeeni tena." Wakamsomea. "Tena." Wakamsomea tena. Meneja hakuonyesha haraka safari hii.

Nyumbani walikubaliana mambo mawili. Mtu yeyote akija kudai kitu, ataambiwa asubiri mpaka wawepo watu wawili wa nyumba. Na hakuna siri ya pesa itakayowekwa kwa ajili ya kumsitiri mwenzako. Msusi aliongeza la tatu, kwamba komeo la mlango lirekebishwe, lakini hilo Fundi alisema watalijadili.

Cherehani ilianza kulia tena asubuhi. Siku ya kwanza ililia kidogo, ikakatika, ikalia. Siku zilizofuata ililia mpaka watoto wakalalamika. Fundi aliusikiliza ule mlio kitandani na hakulala tena. Alitaka kuusikia wote.

Kusahau hakukuisha. Hakuna barua inayotibu hilo. Jioni moja wakiwa wanakula, Shangazi alisimamisha kijiko hewani, uso ukaingia wasiwasi.

"Mwanangu, ule mkopo wangu. Nililipa kweli?"

Watoto walitazamana. Aliuliza jana, na juzi aliuliza.

Fundi aliweka chakula chake chini. Alimgeukia kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza.

"Ulilipa, Shangazi. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Hudaiwi hata senti."

Shangazi alimtazama machoni kuhakikisha. Uso wake ukafunguka, akacheka, akapiga meza kwa kiganja.

"Habari njema hiyo!" alisema. "Mbona mlinificha?"